Mzabibu umejaa majani na hauzai: mbinu za wakulima wa Champagne kwa ua wa Mombasa

Huku Mombasa mizabibu iko, sio kwamba haiko. Pita Kisauni, pita Likoni, chungulia nyua za Mji wa Kale, utaona mtu ameupandisha juu ya banda umetanda vizuri, majani mapana, watoto wanacheza chini yake, lakini muulize mwenyewe habari ya zabibu atakwambia mwaka juzi ulitoa vichala viwili vitatu kunguru wakamaliza na tangu hapo ni majani tu. Alafu atamalizia na ile kauli ya kila mtu, zabibu ni ya nchi za baridi, huku kwetu haiwezi.

Inaweza. Naandika haya kwa sababu naupenda sana mmea huu na huniuma kuona mzabibu mzima wenye afya umeachwa wa kivuli tu. Shida kubwa sio joto, shida ni kwamba mzabibu wako haujawahi kulala hata siku moja, na hakuna aliyeulaza. Wanaojua sana habari ya kulala na kuamka kwa mzabibu ni wakulima wa sehemu za baridi kama Champagne kule Ufaransa, kwa hivyo naanza huko, nieleze wanafanya nini na kwa nini, alafu turudi uani kwetu tufanye kwa hali yetu.

Kule mwaka unaendaje

Champagne iko mashariki ya Paris ukielekea kaskazini, miji yake inayojulikana ni Reims na Épernay, na iko karibu latitudo 49 kaskazini. Wastani wa joto la mwaka mzima kule ni kama nyuzi 11. Sisi tuko latitudo 4 kusini na wastani wetu ni kama 26 hivi. Kwa hivyo wao wako ukingoni kabisa, hapo ndo mwisho wa mahali zabibu inaweza kuiva, na kila wanachofanya shambani ni kutafuta jua na kukimbia barafu. Aina zao kubwa ni tatu, Pinot Noir na Meunier ambazo ganda lake ni jeusi, na Chardonnay ambayo ni nyeupe.

Ikifika Novemba majani yanageuka rangi yanaanguka. Chakula chote ambacho majani yalitengeneza kimeshashuka kwenye shina na mizizi kimewekwa akiba, na mmea unalala. Haulali kwa kupenda, baridi ndo inaulaza. Kipindi hicho mkulima anaingia shambani na mkasi, na kazi ya kupogoa inaendelea miezi yote ya baridi mpaka Machi, tena anakata kweli kweli, karibu matawi yote ya mwaka uliopita yanaondoka, zinabaki fito chache tu. Kule hawakati ovyo, kuna mitindo minne inayokubaliwa, Chablis, Cordon de Royat, Guyot na Vallée de la Marne, na kila mmoja una hesabu yake ya macho ya kubakisha. Chardonnay mara nyingi wanaikata kwa mtindo wa Chablis, Pinot Noir kwa Cordon, Meunier kwa Vallée de la Marne.

Sasa hapa kwenye macho naomba usome polepole manake ndo moyo wa mambo yote. Jicho la mzabibu, kile kinundu kidogo kilichoko pale jani linaposhika tawi, ndani yake tayari kuna chipukizi zima limekunjwa, na ndani ya hilo chipukizi kuna kichala kidogo sana ambacho huwezi kukiona bila kioo cha kukuzia. Hicho kichala kilianza kuumbwa msimu uliopita, wakati hilo tawi lilikuwa bado kijani. Na kiliumbwa tu kama tawi lilipata jua. Tawi lililokulia kwenye giza chini ya majani mengine, macho yake yanatoa majani na vikamba vya kujishikia, matunda hamna. Ukielewa hapo umeshaelewa kwa nini mzabibu wako wa kivuli hauzai, umejifunika wenyewe, na kila mwaka unatengeneza macho matupu.

Machi udongo ukianza kupata joto mizizi inaamka, na pale palipokatwa panatoka maji matone matone, mzabibu unalia, wakulima hufurahi kuona hivo. Aprili macho yanafunguka, na hapo ndo usingizi wa mkulima unakwisha, manake barafu ya usiku bado iko na jicho lililofunguka likipigwa na baridi ya chini ya sufuri linakauka jeusi. Wanawasha mishumaa mikubwa mamia kwa mamia katikati ya mistari, au wanarusha maji usiku kucha juu ya mizabibu. Ndio, maji, na yanaganda juu ya chipukizi. Maji yakiwa yanaganda hutoa joto kidogo, kwa hivyo ukiendelea kurusha bila kukata mpaka jua litoke, chipukizi linabaki karibu na sufuri halishuki zaidi. Ukikatisha katikati umeua shamba. Aprili 2021 baridi iliingia sehemu kubwa ya Ufaransa ikachoma mashamba ya zabibu mengi sana.

Juni maua, na tangu maua mpaka kuvuna walizoea kuhesabu kama siku 100, kwa hivyo mavuno ni Septemba, ingawa miaka hii ya joto mara nyingine wanaanza mwisho wa Agosti. Wanavuna kwa mkono, mashine haziruhusiwi, manake kichala lazima kifike kwenye mtambo wa kukamulia kikiwa kizima.

Turudi kwetu. Udongo kwanza

Hapa kuna jambo limenifurahisha sana nilipolijua. Champagne imekaa juu ya chaki, jiwe jeupe laini ambalo lilitokana na viumbe wa baharini wa zamani sana. Na sisi kisiwa chetu na pwani yote hii tumekaa juu ya matumbawe, jiwe la baharini vilevile, na yote mawili ni chokaa tupu. Kwa hivyo shida moja kubwa ya udongo wao ni shida yetu pia.

Shida yenyewe ni hii. Udongo wa chokaa nyingi unazuia mmea kunyonya madini ya chuma, hata kama chuma kimo mle ndani. Utaona majani machanga ya juu yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Watu wakiona hivo wanamwaga maji zaidi, inazidi. Au wanamwaga majivu ya jikoni, na majivu nayo yanafanya kazi ileile ya chokaa, kwa hivyo ndugu zangu majivu usitie kabisa kwenye mzabibu wa udongo wetu. Kujua kama udongo wako ni wa namna hiyo chukua kijiko cha udongo mkavu, tilia siki nyeupe ya dukani, ukisikia unachemka na kutoa povu basi chokaa imo nyingi.

Wafaransa walipambana na jambo hili baada ya kile kidudu kidogo cha filoksera kula mizizi ya mizabibu yao miaka ya mwisho ya karne ya 19. Dawa ikawa ni kuunganisha mzabibu wa Ulaya juu ya mizizi ya mzabibu wa Marekani ambayo kidudu hakiiwezi, lakini mizizi mingi ya Marekani ikifika kwenye chaki inageuka manjano, mpaka wakapata mizizi inayovumilia chokaa, na ule unaoitwa 41B ndo umeenea sana Champagne. Sisi kupata miche ya kuunganishwa namna hiyo sio rahisi, kwa hivyo ushauri wangu ni mmoja, usihangaike na mche wa kutoka mbali ambao huujui. Tafuta mzabibu wa mtu hapahapa Mombasa ambao majani yake ni kijani kibichi mwaka mzima, omba vijiti. Huo umeshathibitisha wenyewe kwamba udongo wetu unauweza. Na usitafute Pinot Noir wala Chardonnay, hizo ni za kule, ukizileta kwenye joto letu zinaiva haraka mno na ukali wake mzuri unapotea. Ukibahatika kupata Isabella chukua, inavumilia unyevu na ukungu kuliko nyingi.

Kijiti kiwe unene wa penseli, rangi ya kahawia sio kijani, na macho matatu au manne. Chini kata sawa bila mshazari, karibu kabisa na jicho, juu kata mshazari ukiacha nafasi kidogo ili usije ukakipanda kichwa chini. Zika macho mawili ndani ya mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa, weka kivulini, maji kidogo kidogo. Kikishika mizizi na kuchangamka hamishia kwenye shimo.

Shimo chimba pana, kama mita moja kila upande ukiweza, na kama umegonga jabali vunja kidogo maji yapate njia, mzabibu ukikaa na maji miguuni unaoza. Jaza kwa udongo mwekundu na samadi ya mbuzi ya zamani. Majani yakianza ile manjano niliyosema, nenda agroveti uulize mbolea ya chuma ya cheleti, na kwenye paketi tafuta herufi EDDHA manake nyingine kwenye chokaa hazifui dafu.

Alafu maji. Visima vingi vya huku vina chumvi, na mzabibu hauipendi chumvi. Ukiona kingo za majani zinaungua kahawia kutoka nje kuja ndani, hiyo ni chumvi sio ugonjwa. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, au maji ya bomba yakipatikana, na kama huna budi kutumia ya kisima basi mwagilia mengi kwa mara moja yasukume chumvi chini kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, ile ya kidogo kidogo ndo inakusanya chumvi juu.

Kichanja

Kule Champagne mizabibu ni mifupi na imebanana, kama mizabibu 8,000 kwa hekta moja, na vichala vinakaa karibu na ardhi ili vipate joto linalorudi kutoka chini. Sisi fanya kinyume. Joto tunalo, tunachotafuta ni upepo. Inua kichanja juu kupita kichwa cha mtu, na elekeza ili upepo wa bahari upite chini ya majani mchana kutwa, manake jani likilowa usiku likachelewa kukauka asubuhi ukungu umeingia. Tumia nguzo nzito, kusi ikivuma sio mchezo na mzabibu wenye majani ni tanga. Waya wa kawaida karibu na bahari unaliwa na kutu haraka, lipia ule mzito uliopakwa zinki, utakushukuru.

Mwaka wa kwanza chagua chipukizi moja tu lenye nguvu, lifunge kwenye mti lipande moja kwa moja, mengine yote ya pembeni vunja yakiwa madogo. Likifika kwenye waya kata ncha, yatatoka mawili, moja lipeleke kulia na moja kushoto, hiyo ndo mikono yako ya maisha yote ya mzabibu huo. Roho itakuuma kuvunja vunja namna hiyo lakini vunja.

Mkasi ndo baridi yetu

Hapa kwetu majani hayaanguki yenyewe, mmea unakua Januari mpaka Disemba, na ncha ya tawi ndo inakula kila kitu, macho ya nyuma yanabaki yamelala milele. Kwa hivyo baridi inabidi uitengeneze wewe. Sio jambo la kubahatisha, Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa kupogoa, na wakulima wa Nashik kule India, ambako hakuna barafu, wanakata mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara moja, wakipanga mavuno yaangukie kipindi cha kiangazi. Mtindo huo wa India ndo naona unaifaa Mombasa zaidi, manake mvua zetu za mwaka, yaani masika, ni nzito sana kwa zabibu inayoiva.

Hesabu yetu inaenda hivi. Mvua za mwaka zinaanza Aprili, kwa hivyo tunataka zabibu iwe imeshatoka mtini mwezi wa Machi, wakati wa kaskazi, jua kali na hewa kavu kidogo. Kutoka kukata mpaka kuvuna kwenye joto letu ni kama siku 110 mpaka 130 ikitegemea aina. Rudi nyuma, unafika katikati ya Novemba, vuli ikianza kupungua. Hiyo ndo tarehe yako ya mkasi.

Wiki mbili tatu kabla punguza maji kabisa na usitie mbolea yoyote. Alafu siku kama kumi kabla ya kukata, ng'oa majani yote kwa mkono. Yote. Mama mmoja jirani aliniona nafanya hivo akaniita juu ya ukuta, "Mwanangu, mbona waua mti wa watu?" Nikamwambia, "La mama, naulaza, ngoja mwezi ujao uje uone." Ukiwa mtupu hivo bila jani ndo unaona vizuri lipi ni tawi la kuacha na lipi la kuondoa, na wakulima wa Champagne nao wanaanza hapohapo, mmea mtupu na macho yote nje.

Tafuta fito za kahawia zilizokulia juani, unene wa penseli au zaidi kidogo, macho yamejaa na yako karibu karibu. Fito nene sana kama dole gumba na macho yako mbali mbali hiyo imekulia kwa pupa, haizai vizuri. Zile nyembamba kama njiti za ufagio ondoa zote. Sasa kwenye kila mkono acha fito ndefu moja ya macho sita mpaka nane ndo ya kuzaa, na karibu na shina acha kijiti kifupi cha macho mawili ndo cha kutoa fito za mwakani. Huo ndo mtindo wa Guyot, na naupendekeza kwa mtu ambaye hajui mzabibu wake ni aina gani, kwa sababu kuna aina ambazo macho ya mwanzo karibu na shina hayana matunda, ukikata mafupi yote unabaki na majani. Ukitaka kujua wako ni wa aina gani, upande mmoja kata mrefu na upande mwingine kata vijiti vya macho mawili mawili, matokeo utayaona mwenyewe na mwaka unaofuata hutouliza mtu.

Ukikata usikate juu ya jicho kabisa, acha sentimita mbili, manake mti unakauka kurudi ndani kutoka pale ulipokatwa. Mkasi uwe mkali na ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mzabibu mwingine. Fito ndefu ikunje ilale kwenye waya au ipinde kidogo kama upinde, ukiiacha imesimama wima jicho la juu kabisa litakula nguvu yote na ya katikati yasiamke. Alafu hapo hapo mwagilia maji mengi. Kuna dawa kali ambayo mashamba makubwa hupaka kuamsha macho, mimi sishauri mtu aitie mkononi nyumbani, ina sumu, na ua wenye watoto sio mahali pake.

Baada ya siku chache tazama pale penye kata. Utaona tone la maji safi linajikusanya, linaning'inia, linaanguka, linajaa lingine, na chini kwenye saruji pamelowa. Ni kilio kilekile cha Champagne cha mwezi wa Machi, tofauti ni kwamba wewe umeuamsha kwa mkono wako. Macho yakifunguka na machipukizi yakafika urefu wa shibiri, chagua yenye vichala, punguza mengine, kila chipukizi libaki na kichala kimoja au viwili na si zaidi. Majani yanayokaba kichala upande wa asubuhi yaondoe, ya upande wa magharibi acha yakinge jua la jioni.

Ukungu na kunguru

Maradhi ni mawili yanayosumbua. Moja linaanza na madoa kama ya mafuta juu ya jani, geuza chini utaona manyoya meupe. La pili ni kama unga umemwagiwa jani na zabibu changa, zabibu zinapasuka. Kwa la kwanza dawa ya zamani bado inafanya kazi, mrututu na chokaa, ile iliyopata jina kutoka Bordeaux miaka ya 1880. Gramu 100 za mrututu yeyusha kwenye ndoo ya plastiki, chuma hapana, gramu 100 za chokaa iliyozimwa koroga kwenye ndoo nyingine, alafu mimina mrututu ndani ya chokaa huku unakoroga, jumla ifike lita 10. Sasa kabla hujanyunyiza chukua msumari uliosuguliwa ukang'aa, tumbukiza dakika chache. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, mrututu umezidi na utaunguza majani, ongeza chokaa kidogo ujaribu tena mpaka msumari utoke vilevile ulivyoingia. Tumia siku hiyohiyo, vaa glavu, funika pua, na usipige tena zabibu zikikaribia kuiva.

Kwa ule wa unga tumia salfa, lakini angalia joto, ikipita nyuzi 32 salfa inaunguza, na kaskazi yetu inafika hapo mchana. Piga alfajiri au jioni, siku yenye mawingu ikiwezekana.

Kunguru wa Mombasa mnawajua. Zabibu ikianza tu kubadilika rangi wameshapata habari, na usiku popo wanachukua zamu. Vitambaa vya kutisha ni kupoteza muda. Vifunge vichala kwenye mifuko ya karatasi au shona neti ndogo, kichala kwa kichala, kazi ndefu lakini ndo inayookoa mavuno.

Kuvuna, na zabibu inaenda wapi

Usivune kwa rangi. Onja, alafu pasua utazame mbegu, zikiwa kahawia na zinavunjika kwa meno imeiva. Zabibu haiendelei kuiva ikishakatwa, sio ndizi. Yetu itakuwa na sukari nyingi na ukali kidogo, kwa sababu usiku wa joto unakula ule ukali ndani ya tunda. Kule usiku wa baridi unauhifadhi, na ndo maana juisi ya Champagne inakuwa kali sana na sukari yake haba, mpaka sheria inawaruhusu kuongeza sukari miaka ikiwa mibaya.

Wengi wetu hapa hatunywi na mzabibu haukuumbwa kwa divai peke yake. Zile changa unazopunguza zikiwa kijani usitupe, zikamue, maji yake yanakaa mahali pa ndimu kwenye samaki wa kupaka na ni matamu ajabu. Zilizoiva kula, au kamua juisi uipashe moto vizuri kabla ya kuweka kwenye friji, manake kwa joto letu juisi mbichi ikilala nje inaanza kuchacha yenyewe. Kukausha jaribu tu wakati wa kaskazi, chini ya neti, na ziingize ndani kabla ya magharibi, unyevu wa usiku unazirudisha nyuma.

Ila vijana wetu wengi wako mahotelini Nyali na Diani na kila wiki wanafungua chupa za Champagne, ile divai yenye mapovu iliyopewa jina la sehemu hiyo, wasizoambiwa zimetoka wapi, kwa hivyo nawawekea na upande huo. Kipimo cha kukamulia Champagne ni kilo 4,000 za zabibu, lita 2,050 za kwanza za juisi ndo bora, 500 zinazofuata ni za daraja la pili, na zinazobaki haziruhusiwi kuitwa Champagne. Wanakamua taratibu ndo maana zabibu nyeusi inatoa juisi nyeupe, rangi iko kwenye ganda sio kwenye maji. Inachachushwa kwa hamira ikawa divai ya kawaida, wanachanganya ya vijiji na miaka tofauti, alafu inaingia kwenye chupa na sukari kama gramu 24 kwa lita pamoja na hamira tena, inafungwa. Hamira inakula ile sukari, gesi haina pa kutokea, ndo mapovu. Presha ndani ya chupa inafika kama baa 6, karibu mara 3 ya tairi la gari ndogo, na zamani chupa zililipuka ovyo mpaka wafanyakazi wa chini kule walivaa vinyago vya chuma.

Chupa zinalazwa mahandakini kwenye chaki, si chini ya miezi 15, na zile za zabibu za mwaka mmoja maalum si chini ya miaka 3. Mashapo ya hamira yanateremshwa polepole mpaka shingoni kwa kugeuza chupa kichwa chini kidogo kidogo, kazi ambayo ilitengenezwa vizuri kwenye kampuni ya divai ya Barbe-Nicole Clicquot, mwanamke aliyefiwa na mume mwaka 1805 akashika biashara mwenyewe. Shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, barafu yenye mashapo inaruka nje, wanajaza na kutia sukari kidogo kwa kipimo. Ukiona Brut kwenye lebo sukari ni chini ya gramu 12 kwa lita.

Kwa hivyo ukifungua, ipoe mpaka nyuzi 8 au 10, ikiwa na joto la huku itaruka tu. Kidole gumba juu ya kizibo tangu unapolegeza waya, chupa ielekee mahali hakuna mtu, alafu shika kizibo imara uzungushe chupa, sio kizibo.

Na mtu asijaribu kufunga divai ya nyumbani kwenye chupa kabla haijamaliza kuchacha, joto letu linaifanya hamira ikimbie na chupa ya kawaida haiwezi presha hiyo. Kutengeneza ya kuuza kunataka leseni.

Baada ya mavuno

Machi ukishavuna mzabibu umechoka, uwekee samadi na maji ya kutosha upumzike wiki chache na majani yake. Aprili mvua zikianza, mkasi wa pili. Huu ni mkali zaidi, kila fito uliyozalisha irudishe kwenye jicho moja au mawili. Machipukizi yatakayotoka hapo hayana kazi ya kuzaa sasa, kazi yao ni kutengeneza macho ya Novemba, kwa hivyo mvua yote ya mwaka na kipupwe chote wewe shughulika na mambo mawili, jua liyafikie na ukungu usiyapate. Yapange kwenye waya yasipandiane, punguza yaliyozidi, mrututu kila mvua zikiachia kidogo, na yakifika majani kumi na tano hivi kata ncha. Yale yaliyokaa juani vizuri yafunge kitambaa chekundu, Novemba ikifika usianze kukisia ni fito ipi.